Fundi wa Kalafati

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za viongozi wetu, washairi wetu na masheikh wetu, na ni haki yao kukumbukwa. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji tuandike habari ya mtu ambaye jina lake, kwa tujuavyo, halikupata kuandikwa pahala popote isipokuwa kwenye kitambulisho chake na kwenye daftari la madeni la duka alilokuwa akinunua pamba. Naye ni babu yetu, mzaa baba kwa baadhi yetu na mzaa mama kwa wengine, aliyekuwa fundi wa kalafati katika bandari ya Wete, Pemba, tangu ujana wake mpaka alipofariki mwaka 2008.

Sisi tunaoandika ni wajukuu zake. Tupo 14. Watano tunaishi Uingereza, watatu wapo Oman, mmoja yupo Mombasa na waliobaki wapo nyumbani. Maneno haya hayakutoka kwa mtu mmoja. Kila mtu ameleta alichokikumbuka, mwengine kwa barua, mwengine kwa simu ya usiku baada ya kazi, na mmoja wetu akashika kalamu. Palipo na kosa ni letu sote.

Kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa huku, ambao bahari wanaijua kwa kuogelea tu siku za joto, inafaa tueleze kwanza kazi yenyewe. Jahazi au mashua ya mbao huanza na mkuku, kisha hanamu mbele na fashini nyuma, kisha mbao na mataruma. Lakini fundi awe hodari vipi, baina ya ubao na ubao hubaki mwanya. Mwengine unaingia ukucha, mwengine unaingia wembe tu. Chombo kikishushwa majini kama kilivyo, kitajaa na kuzama kabla hakijatoka bandarini. Mwanya ule ndio riziki ya mtu wa kalafati.

Kazi inaanza kwenye pamba. Babu alikuwa akiileta nyumbani ndani ya gunia, na sisi wajukuu, wanawake kwa wanaume, tukiketishwa barazani baada ya sala ya alasiri tuisokote juu ya mapaja yetu mpaka iwe kama kamba, unene wa kidole cha shahada. Tukimaliza aliipitisha yote mikononi mwake. Iliyosokotwa kwa uvivu aliirudisha mbele ya mwenyewe bila ya kusema neno, na hilo lilituuma kuliko kipigo. Iliyopita ilichovywa mafuta, ikaachwa inywe.

Kuipiga ilikuwa kazi yake mwenyewe. Alikuwa na patasi nne butu, zisizokata kitu, na nyundo moja ambayo mpini wake ulikuwa umelika mpaka ukachukua umbo la kiganja chake. Patasi huiweka pamba kwenye mwanya na nyundo huisukuma ndani. Watu wengi hudhani kuwa kazi ni kushindilia kwa nguvu, na sivyo. Mbao zikiingia majini hunywa na kuvimba. Pamba ikizidi, mbao hazina pa kuvimbia, zitasukumana mpaka misumari ilegee. Pamba ikipungua, maji yatapita. Babu alikuwa akijua kwa sikio. Mwanzo nyundo hulia bubu, halafu sauti hupanda kidogo kidogo, na ikifika pahala fulani yeye huacha na kusogea mbele. Sisi tulikaa pembeni yake miaka, na ni wawili tu kati yetu waliowahi kuisikia sauti ile inapobadilika. Wengine tulikuwa tukisema tumeisikia ili asitutazame.

Baada ya pamba huja chokaa iliyokandwa kwa mafuta ili kufunika mwanya. Chini ya chombo hupakwa deheni, yaani shahamu na chokaa, kuwazuia wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Juu hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa. Aliyewahi kunusa sifa hahitaji kuelezwa, na asiyewahi haelezeki. Babu alikoga mara mbili kwa siku na akajipaka mafuta mazuri ya karafuu, na bado harufu ile ilikuwa ikimtangulia mlangoni. Skuli wenzetu walikuwa wakituita wana wa papa. Tulikuwa tukilia, na Bibi akitwambia, "Harufu hiyo ndiyo mnayoila."

Tusije tukamfanya Babu kuwa malaika. Alikuwa mkali na mgumu wa kubadili rai. Ami yetu mdogo alipotaka kuchukua mkopo anunue boti la faiba lenye mashine, Babu hakusema naye muda wa miezi minne, ijapokuwa walikuwa wakila sinia moja. Chakula kikiletwa alimwambia Bibi, "Mwambie mwanao asogee." Ami naye yupo pale, magoti yao yanagusana. Sifa njema haikutoka kinywani mwake kwa urahisi. Ukifanya vizuri alinyamaza, na ukimya wake huo tulijifunza kuusoma kama wengine wanavyosoma barua. Sikio lake la kushoto lilikuwa zito kwa miaka ya nyundo, na tulipokuwa wakubwa tuligundua kuwa alilitumia vyema: mambo asiyotaka kuyasikia yote yaliingia upande ule.

Lakini bandarini hapakuwa na mtu aliyeaminiwa kuliko yeye. Wavuvi wakigombana juu ya mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu na fungu la mabaharia, walikuja kukaa chini ya mkungu aliokuwa akifanyia kazi. Yeye aliendelea kupiga nyundo wakisema. Wakimaliza alikuwa akiuliza suala moja, "Nani aliyefua maji?" Maana katika chombo kinachovuja yupo mtu aliyeshika ndoo usiku kucha na wenzake wakavua samaki, na mtu huyo ndiye husahauliwa wakati wa kugawa. Kwa suala hilo peke yake kesi nyingi zilimalizika.

Chombo kikichelewa kurudi, Babu ndiye aliyekuwa akihesabu nani yumo na nani hayumo, kwa sababu alivijua vyombo vyote na hali ya kila kimoja. Wake wa wavuvi walikuja nyumbani usiku, wakakaa na Bibi ukumbini, na Babu akatoka na taa kwenda kuangalia upepo. Alikuwa akirudi na neno moja la kuwapa, nalo lilikuwa neno la kazi: "Kile nimekitia pamba mwezi uliopita. Kinaweza kukesha." Wale wanawake walilala kwa maneno hayo. Vyombo viwili katika maisha yake havikurudi. Kimoja alikitia kalafati yeye. Wenyewe walisema ni dhoruba, na kila mtu alikubali kuwa ni dhoruba, lakini Bibi ametwambia kuwa muda wa mwaka mzima Babu alikuwa akiamka usiku akipitisha kidole kwenye ukuta, kama anayetafuta mwanya.

Jambo jengine ambalo tulikuwa hatulielewi tukiwa wadogo ni kuwa hakuwa akiuliza chombo kinakwenda wapi. Wasomaji waliotoka Pemba watakumbuka miaka ambayo bei ya karafuu ilikuwa ndogo kwetu na kubwa Mombasa, na wanajua karafuu ngapi zilivuka usiku. Mwenye chombo akija kwa haraka na kutaka kazi imalizike kabla ya giza, Babu aliifanya kama alivyofanya kazi nyengine zote. Mtu mmoja wa serikali alipomuuliza kama anajua vyombo vile vinabeba nini, alijibu, "Mimi nayajua maji yanayotaka kuingia. Yaliyomo ndani mwulize mwenyewe." Nasi tukalichukua neno lile kama ucheshi tu.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Tarehe 27 Januari 2001, maandamano ya kudai uchaguzi mpya yalizimwa kwa risasi Unguja na Pemba, na watu zaidi ya 30 waliuawa. Hatutaki kuirudia habari ile yote hapa, imekwisha kuandikwa na watu wanaoijua kuliko sisi, na wengi kati ya wasomaji wetu waliiona kwa macho yao. Tunasema tu yaliyotupata. Ami yetu, yule yule wa boti la faiba, alirudi nyumbani usiku akiwa na jeraha mguuni. Siku zilizofuata milango ilikuwa ikigongwa nyumba kwa nyumba. Vijana walikuwa wakilala kwenye mikarafuu. Ilipofika siku ya nne au ya tano, baraza ya wazee wa nyumba iliamua kuwa ami na ndugu yake, na wake zao, na saba kati yetu, waondoke.

Vyombo vizima vilikuwa vimekwisha ondoka. Ilibaki mashua ya jirani iliyopandishwa pwani tangu kabla ya Ramadhani, imefichwa kwenye hori lenye mikoko upande wa pili. Jua la kaskazi lilikuwa limeikausha muda wa wiki kadha, na mbao zake zilikuwa zimeachana kiasi cha kuona mwanga upande wa pili. Kwa kazi ya kawaida ile ni siku tatu au nne. Babu alipewa usiku mmoja.

Alikwenda na wajukuu wawili wakubwa na patasi zake. Hakukuwa na taa, kwani taa ingeonekana. Nyundo nayo inasikika mbali juu ya maji, kwa hivyo aliivalisha kitambaa, akakifunga kwa ukambaa. Fikirini: mtu aliyejua kazi yake kwa sikio, akaifanya usiku ule ndani ya kiza, na nyundo isiyo na sauti. Alikuwa akitumia kidole. Alipiga, akapitisha kidole, akapiga tena. Wenzetu waliokuwa naye wanasema hakusema neno ila "Lete" na "Bado".

Baada ya usiku wa manane pamba ilikwisha. Mmoja akatumwa mbio nyumbani. Bibi alishika mto wa sufi kutaka kuupasua, kisha akauweka chini mwenyewe, kwa kuwa mke wa mtu wa kalafati anajua kuwa sufi haisokoteki. Akachukua kisu akalipasua godoro lao la pamba, lile walilolalia tangu harusi yao, likafumwa upya na kujazwa upya mara nyingi. Tuliobaki nyumbani tuliisokota pamba ya godoro kwenye kiza cha ukumbi, wanawake wote na watoto, na mafuta tuliyoichovya yalikuwa ya kupikia. Hiyo ndiyo pamba iliyokwenda majini na sisi.

Maji yalipofika tuliletwa horini, watu 19 pamoja na jirani na watu wake. Babu alikuwa amesimama mpaka magotini, mkono mmoja ameuweka ubavuni mwa mashua. Ami alimwambia, "Baba, panda." Akasema yeye hapandi. Ami akamwambia tena, na mara hii sauti yake ilikatika. Babu akasema, "Vyombo vilivyoondoka vitarudi vimekauka. Nani atavitia pamba?" Hatujui kama hiyo ilikuwa ndiyo sababu yenyewe. Huenda alikuwa hawezi kumwacha Bibi na wengine saba. Huenda hakutaka kufa ugenini. Alisema hivyo, nasi tunaandika alivyosema.

Kisha akafanya jambo ambalo hatukupata kumwona akilifanya. Aliuliza, "Mnakwenda wapi?" Alikuwa akijua, sote tulijua. Ami akajibu kama mtoto aliyeulizwa darasani, "Shimoni, Baba." Babu akatikisa kichwa, akatwambia: "Mtafua maji mpaka mbao zinywe. Zikishakunywa mtapumzika. Msiogope kabla ya hapo." Akaisukuma mashua.

Kutoka Wete mpaka Shimoni ni kiasi cha kilomita 60, na mkondo baina ya Pemba na bara una kina kirefu. Tulifua maji. Tulifua kwa ndoo, kwa sufuria, kwa kopo la maziwa la mtoto. Maji yalikuwa yakiingia kwa namna ambayo watu wazima walianza kusoma shahada kwa sauti. Mmoja wetu, aliyekuwa na miaka 11 wakati ule, anasema alikuwa akirudia moyoni, "Mbao hazijanywa, mbao hazijanywa," kama anayesoma dua. Karibu na kucha mtu mmoja aliingiza ndoo ndani ya ngama ikakwaruza mbao. Akaingiza tena, ikakwaruza. Hakuna aliyesema kitu. Jua lilipotoka tulikuwa tumekaa juu ya mbao zilizolowa tu, na nchi ya bara inaonekana.

Kiasi cha watu 2,000 walivuka kwenda Kenya katika siku zile. Watu wa Shimoni na Wasini walitupokea kwa ubwabwa na nguo kavu, Mwenyezi Mungu awalipe. Yaliyofuata, kambi, foleni, mahojiano, wengi wenu mmeyapitia, na hatuna haja ya kuyarefusha. Oktoba mwaka ule muafaka ulitiwa saini, na wengi walirudi. Sisi tulikuwa tumekwisha kutawanyika. Baadhi yetu tulipata hifadhi Uingereza, na tukapewa hati ya safari iliyoandikwa kuwa mwenye nayo anaweza kwenda nchi zote isipokuwa moja. Nchi hiyo moja ndiyo yenye bandari ya Wete.

Kwa hivyo tukamjua Babu kwa simu. Alikuwa akiishika upande wa sikio zima, akipiga kelele kama anayeita chombo kilichopita mbali. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi: hali, wazima, upepo gani huko kwenu. Tulikuwa tukimwambia kuwa London hakuna kaskazi wala kusi, naye hakuamini. "Hapana nchi isiyo na upepo wake," alisema. "Nyinyi hamjauangalia."

Tulipoanza kupata kazi, za usafi, za maghala, za kuangalia wazee wa watu, tulikubaliana kuchanga kila mwezi ili nyumba ya Babu na Bibi iezekwe bati. Makuti yalikuwa yameoza, na kila masika Bibi alikuwa akihamisha kitanda kutoka pembe moja kwenda nyengine. Tulipeleka fedha mwaka mmoja, tukapeleka wa pili. Bati halikuonekana. Tukauliza, tukaambiwa lipo njiani. Mwisho binamu yetu mmoja akatueleza ukweli: Babu alikuwa akinunua pamba. Waliorudi kutoka Kenya walirudi bila ya kitu, vyombo vyao vimeharibika, na Babu alikuwa akivitia kalafati kwa mkopo ambao yeye na wao walijua hautalipwa. Nyengine zilikuwa zikienda kwenye ada za skuli za watoto wa marehemu wawili wa mtaani.

Ndugu wasomaji, tulikasirika. Hatuoni sababu ya kuficha. Mtu anayesafisha ofisi saa kumi za alfajiri, wakati wa baridi, akapunguza chakula chake ili babu yake asilowe, kisha akasikia fedha zimekwenda kwenye mashua ya mtu mwengine, hukasirika. Siku moja mwaka 2008, mmoja wetu, kwa niaba ya sote na kwa idhini yetu sote, alimwambia kwenye simu: "Babu, fedha zile ni za bati. Si za pamba."

Palikuwa na kimya. Tulidhani simu imekatika. Kisha akasema, bila ya ukali: "Nyumba ikivuja mtu hulowa. Chombo kikivuja mtu hufa."

Nasi tukamjibu kuwa kama ni hivyo hatutapeleka tena. Na miezi miwili hatukupeleka.

Babu alifariki Ramadhani ya mwaka ule, usiku, baada ya tarawehe. Habari zilitufikia asubuhi, kila mmoja mahala pake, mmoja kwenye basi, mmoja kazini akiwa na glavu mikononi. Kwa wale wenye hati ile ya nchi zote isipokuwa moja, hapakuwa na la kufanya. Tulimsomea hitima katika ukumbi wa kukodi, tukapika, watu wakaja kutoka miji ya mbali, na tunawashukuru hadi leo. Lakini mtu anaposoma hitima ya babu yake huku anahesabu miezi miwili, kisomo kinamkwama kooni.

Mwaka 2012 baadhi yetu tulikuwa tumepata uraia na tukaweza kurudi. Bandarini maboti ya faiba ni mengi sasa, na ami hakukosea kabisa katika ule ugomvi wao. Lakini mashua za mbao zipo bado. Tulipita na kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa Babu, akatuonyesha moja baada ya moja, "Hii ya Fundi, na hii ya Fundi." Wenye vyombo walikuwa wakituita tukae. Hakuna aliyetaja deni. Walitaja majina ya watu waliokuwamo ndani ya vyombo vile siku fulani ya upepo fulani, wakarudi. Mmoja alituonyesha mtoto wa miaka mitano akatwambia, "Huyu baba yake alikuwamo." Hakueleza zaidi, na hatukuuliza.

Tulikwenda na fedha za bati. Nyumba iliezekwa kwa siku sita, miaka minne baada ya mwenyewe kuondoka. Bibi, ambaye alikuwa hai bado na macho yake mazima, alitutazama tukipanda na kushuka ngazi, akasema kuwa sasa mvua itampigia kelele. Usiku ule ilinyesha. Asubuhi tuliikuta ndoo yake ipo pale pale ilipokuwa ikiwekwa siku zote, chini ya pahala palipokuwa pakivuja, kavu. Tulitaka kuiondoa akatukataza. Alisema ameshazoea kuipita akiamka usiku, na ikiondoka atajigonga.

Palitokea mzozo juu ya zile patasi nne. Mmoja wetu wa Oman alitaka moja, nasi tulitaka moja ya kuja kuitundika ukutani London, watoto waione. Bibi alitusikiliza sote kisha akasema, "Patasi ikitundikwa huota kutu." Zote nne zipo kwa yule kijana, na anazitumia. Sisi tulipewa kile kitambaa kilichovalishwa nyundo, ambacho Bibi alikuwa amekihifadhi ndani ya sanduku la nguo. Ni kipande cha kanga, kimechakaa katikati, na harufu ya sifa haijatoka. Watoto wetu hukiziba pua wanapokinusa. Tunawaacha waione harufu, kisha tunawaeleza kalafati ni nini.

Tunajua kuwa kila nyumba miongoni mwenu ina mzee wa namna hii: fundi seremala, mshona kofia, mkwezi, mpishi wa harusi, mkunga. Tunawaomba, walio hai wapigieni simu, na mkiwa mmegombana nao juu ya fedha, pigeni leo. Waliokwisha tangulia waandikieni, hata ukurasa mmoja, ili watoto wetu wasije wakadhani kuwa tuliletwa huku na ndege peke yake. Sisi tulivushwa na pamba ya godoro.

Mwenyezi Mungu amrehemu Babu yetu, amsamehe na atusamehe, na amghufirie kila aliyeondoka pwani yetu asirudi. Amin.